Matayarisho ya Seva Kabla ya Kuwekea Ulinzi Mifumo ya Java

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu matayarisho ya seva. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wote ambao kazi au matibabu yao yanategemea mifumo ya mtandao. Wakuu wa afisi wanaombwa kuyasoma pamoja na watumishi wao.



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Mada niliyokabidhiwa inahusu matayarisho ya seva kabla ya kuuwekea ulinzi mfumo wa mtandao ulioandikwa kwa lugha ya Java. Najua kwamba wengi wenu si mafundi wa kompyuta, nami sikusudii kukufanyeni mafundi kwa saa moja. Ninalokusudia ni kuonyesha kwamba kazi hii, kabla ya kuwa kazi ya fundi, ni kazi ya utaratibu na ya uongozi, na kwamba mkuu wa afisi asiyejua hata kuandika programu anao uwezo wa kuuliza iwapo imefanyika.

Kwanza tuelewane maneno. Seva ni kompyuta kama nyengine, ila kazi yake ni kuzihudumia kompyuta na simu zinazoomba taarifa kutoka kwake. Java ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na ambayo tangu mwaka 2010 iko mikononi mwa kampuni ya Oracle. Mfumo wa Java unaotumika kwa mtandao haukai peke yake. Chini yake ipo programu inayoubeba, ambayo mara nyingi ni Tomcat. Pembeni yake ipo kanzidata inayohifadhi taarifa, kwa mfano PostgreSQL. Chini ya hayo yote upo mfumo endeshi wa kompyuta yenyewe, na chini kabisa kipo chumba, waya wa umeme na mtu mwenye ufunguo. Tunaposema seva itayarishwe, tunasema kila tabaka katika haya likaguliwe kabla ya lile lililo juu yake.

Mfano ulio karibu nasi ni mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2. Asili yake ni Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi. Baadaye uliandikwa upya kwa Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ukaanza kutumika katika jimbo la Kerala nchini India mwaka 2006. Kenya iliuweka katika mtandao kwa nchi nzima mwaka 2011. Tanzania Bara nayo iliueneza katika mikoa yake, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kazi hiyo. Zanzibar ina mfumo wake wenyewe, ulio mbali na ule wa Bara, kwa kuwa afya si jambo la Muungano.

Tuufuate sasa mwendo wa taarifa moja. Tuchukulie muuguzi wa zahanati huko Kimali, katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Nimeichagua Kimali kwa makusudi, kwa sababu iko mbali na bahari, mbali na bandari na mbali na afisi kubwa. Muuguzi huyo anaandika katika rejista za MTUHA kila mama aliyejifungua, kila mtoto aliyechanjwa na kila mgonjwa wa malaria. Mwisho wa mwezi anajumlisha, anajaza fomu, na fomu inapelekwa wilayani ambako tarakimu huingizwa katika kompyuta. Kuanzia hapo jasho lake limekwenda katika seva ambayo hajapata kuiona, iliyo mamia ya kilomita kutoka kwake. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenzake wa Kojani au wa Tumbatu, anayevuka maji kwa dau na fomu zake mkononi.

Muuguzi huyo hawezi kuilinda seva. Amekwisha kutimiza wajibu wake alipoandika kwa usahihi. Seva ikianguka, tarakimu zake za mwezi zimepotea, na mpango wa chanjo na dawa unapangwa kwa kukisia. Tena liko jambo zito zaidi. Mfumo wa DHIS2 ulianza kama mfumo wa kujumlisha hesabu, lakini sehemu yake nyengine huhifadhi taarifa za mtu mmoja mmoja: jina lake, maradhi yake na dawa anazotumia. Visiwa vyetu ni vidogo, watu tunajuana. Jina moja likitoka katika orodha ya wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, halirudi tena ndani. Kimali nako ni vivyo hivyo. Amana ya namna hii ndiyo tunayoizungumza.

Ndugu wananchi, utauliza: kwa nini matayarisho yatangulie ulinzi? Kwa nini mfumo usiwekwe nywila ngumu na cheti cha usalama, kisha mengine yakafuata? Jawabu ni kwamba ulinzi wa programu hukaa juu ya seva kama mlango unavyokaa katika ukuta. Mlango wa msaji wenye misumari ya shaba haumzuii mwizi ikiwa ukuta wa nyuma umebomoka. Tena anayefunga mlango bila ya kukagua vyumba huenda akamfungia mwizi ndani.

Matukio matatu yanayojulikana dunia nzima yanathibitisha neno hili.

La kwanza ni la mwezi wa Februari 2020. Ilitangazwa kwamba Tomcat, katika matoleo yake mengi, huacha wazi mlango wenye namba 8009 uliokusudiwa mazungumzo baina ya seva na seva. Mtu wa nje aliyeweza kuufikia mlango huo aliweza kusoma mafaili ya mfumo, yakiwemo yale ambamo mara nyengine huandikwa nywila za kanzidata. Zingatieni kwamba mfumo wenyewe ungeweza kuwa umeandikwa vizuri bila ya kosa hata moja. Kosa lilikuwa mlango ambao afisi nyingi hazikuuhitaji na hazikujua kwamba upo.

La pili ni la mwezi wa Disemba 2021. Programu ndogo ya kuandikia kumbukumbu za matukio, iitwayo Log4j na inayotumika ndani ya mifumo mingi ya Java, iligunduliwa kuwa na udhaifu mkubwa. Mtu aliandika maneno fulani mahali popote ambapo mfumo ungeyaweka katika kumbukumbu, hata katika kisanduku cha jina, na seva ikayasoma kama amri. Ikatoka nje kwenda katika kompyuta ya mshambuliaji, ikachukua programu mbaya na kuiendesha. Dawa ya kweli ilikuwa kuweka toleo jipya. Lakini angalieni neno hili: shambulio hilo lilihitaji seva itoke nje. Seva iliyokwisha kutayarishwa ikaruhusiwa kutoka katika sehemu chache tu zinazojulikana ilikuwa na ngao kabla ya dawa kufika.

La tatu ni la kampuni ya Equifax ya Marekani, inayohifadhi taarifa za mikopo ya watu. Tarehe 7 Machi 2017 ulitangazwa udhaifu katika Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya Java, na dawa yake ikatolewa. Siku mbili baadaye agizo la kuiweka dawa hiyo lilisambazwa ndani ya kampuni. Hata hivyo mfumo mmoja uliachwa bila ya kutibiwa. Wezi waliingia mwezi wa Mei wakakaa hadi mwishoni mwa Julai. Ndani wakakuta majina ya watumiaji na nywila zilizoandikwa waziwazi katika faili, zikawafungulia kanzidata nyengine. Kifaa kilichopaswa kuwaona kilikuwa kipofu kwa sababu cheti chake kilikuwa kimekwisha muda. Cheti kilipohuishwa, wizi ukaonekana. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwisha kuibiwa. Kampuni ile haikukosa fedha wala mafundi. Ilikosa utaratibu wa kuhakikisha kwamba agizo lililotolewa limetekelezwa.

Sasa nieleze matayarisho yenyewe, kwa mpangilio wake.

Jambo la kwanza ni daftari. Kila afisi iandike seva zilizopo, mahali zilipo, mfumo endeshi na toleo lake, toleo la Java, toleo la Tomcat, toleo la kanzidata, na jina la mtumishi mwenye dhamana pamoja na msaidizi wake. Hatuwezi kutibu tusichokijua. Daftari la vifaa vya afisi linaandika meza na viti. Itakuwa ajabu meza iandikwe na seva yenye siri za wagonjwa isiandikwe.

Jambo la pili ni chumba na umeme. Sisi wa Unguja hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme kuanzia tarehe 21 Mei hadi tarehe 18 Juni. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurejea mpaka mwezi wa Machi 2010. Tangu hapo umetandikwa waya mwengine wa baharini wenye uwezo wa megawati 100, ulioanza kazi mwaka 2013, lakini fundisho lipo pale pale. Seva iwe na betri ya akiba itakayoipa muda wa kuzimwa kwa utaratibu, na jenereta iliyojaribiwa ikiwa inabeba kazi, si ile inayowashwa dakika mbili na kuzimwa. Chumba kiwe kikavu, kiwe na ubaridi, na kiwe na ufunguo wenye daftari la anayeingia na anayetoka. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma. Vumbi la kiangazi cha Usukuma nalo linaziba mapafu ya mashine.

Jambo la tatu ni mfumo endeshi. Uwekwe upya kutoka katika chanzo cha asili, usirithiwe kutoka katika kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi nyengine. Lichaguliwe toleo ambalo watengenezaji wake wameahidi kulihudumia kwa muda mrefu. Ubuntu, kwa mfano, ina matoleo yanayohudumiwa kwa miaka mitano. Kisha viwekwe viraka vyote vilivyotolewa, na upangwe utaratibu wa kuviweka vingine kila vitokapo. Java na Tomcat nazo zichukuliwe kwa wenyewe, na alama ya uhakiki ya faili ilinganishwe kabla ya kuliweka. Tusichukue faili lililopitishwa mkono kwa mkono.

Jambo la nne ni watu na madaraka yao. Kila msimamizi awe na akaunti yake kwa jina lake, ili kumbukumbu zionyeshe nani alifanya nini. Akaunti kuu, ile yenye uwezo wa kufanya kila kitu, isiingiwe moja kwa moja kutoka nje. Kuingia kwa mbali kutumie funguo za kidijiti badala ya nywila peke yake. Tomcat nayo ipewe akaunti yake isiyo na madaraka. Maelekezo ya DHIS2 yenyewe yanataka hivyo, na sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Mwizi akiuvunja mfumo, hupata madaraka yale yale aliyokuwa nayo mfumo huo. Ukiwa unaendeshwa na mkuu, amekuwa mkuu. Ukiendeshwa na tarishi, amekuwa tarishi.

Jambo la tano ni milango. Ifungwe yote, kisha ifunguliwe ile inayohitajika tu. Wananchi hupita mlango wenye namba 443, ulio wa mawasiliano yaliyofichwa. Mlango wenye namba 80 ubaki kwa kazi moja ya kuwaelekeza huko. Mlango wa mafundi, wenye namba 22, ufunguliwe kwa anwani zinazojulikana tu. Mlango wa Tomcat wenye namba 8080 usionekane nje; mbele yake iwekwe seva ya kupokea wageni, kama vile nginx au Apache. Mlango wa PostgreSQL wenye namba 5432 uzungumze na mfumo wake na si na ulimwengu. Mlango 8009 ufungwe kama hautumiki, na ule wenye namba 8005, unaopokea amri ya kuizima Tomcat, uzimwe pia. Kurasa za mifano na za usimamizi zinazokuja pamoja na Tomcat ziondolewe. Na kama tulivyoona katika Log4j, safari za kutoka nje nazo ziwekewe mpaka.

Jambo la sita ni saa. Hili hudharauliwa. Seva zote zilinganishwe na chanzo kimoja cha wakati. Likitokea jambo, mchunguzi atasoma kumbukumbu za seva tatu au nne kwa pamoja. Moja ikiwa mbele kwa dakika kumi na nyengine nyuma kwa dakika tano, hataweza kusema nani alitangulia, na ushahidi utadhoofika mbele ya mahakama. Kumbukumbu hizo zipelekwe pia katika mashine nyengine, kwani mwizi hodari hufuta nyayo zake kabla ya kuondoka.

Jambo la saba ni nakala za akiba. Kanuni iliyozoeleka ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwetu sisi mbali kunaeleweka: ya Unguja iwe na ndugu yake Pemba, na ya Pemba iwe na ndugu yake Unguja, zote zikiwa zimefichwa kwa ufunguo. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za mawasiliano za baharini katika pwani hii ya Afrika zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Kwa hivyo nakala isiyofikika ila kwa mtandao wa nje haitoshi. Tena nakala ambayo haijajaribiwa kurejeshwa ni tumaini tu. Iteuliwe siku maalumu ya kuirejesha katika seva ya majaribio, na matokeo yaandikwe. Seva hiyo ya majaribio ifutwe mara baada ya zoezi, kwani taarifa za wagonjwa hazina haki ya kukaa pale.

Yakikamilika hayo saba, ndipo tuingie katika ulinzi wa mfumo wenyewe: kuiondoa akaunti ya mwanzo inayokuja na programu, ambayo nywila yake inajulikana dunia nzima, kuweka cheti cha usalama na kuandika tarehe yake ya kwisha, kwani vile vya Let's Encrypt, kwa mfano, viliwekewa muda wa siku 90 tu, kugawa madaraka ya watumiaji, ili karani wa wilaya moja asione wagonjwa wa wilaya nyengine. Kazi hizi sasa zina pa kusimamia.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia ikisemwa kwamba sheria inatosha kututisha wabaya. Ni kweli kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika kompyuta bila ya ruhusa. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya wizi, na mara nyengine mwizi yuko nchi ambayo mkono wetu haufiki. Kinga ni bora kuliko tiba.

Imesemwa pia kwamba hatuna fedha. Nakiri kwamba betri, jenereta na seva ya pili vinahitaji fungu. Lakini hesabuni: daftari halihitaji fedha. Kufunga milango hakuhitaji fedha. Kuipa Tomcat akaunti yake hakuhitaji fedha. Ubuntu, Tomcat na PostgreSQL hutolewa bure. Kulinganisha saa hakuhitaji fedha. Vinavyohitajika ni muda wa mtumishi aliyefunzwa, na mkuu anayempa muda huo badala ya kumhimiza mfumo uzinduliwe kesho kwa sababu kadi za mwaliko zimekwisha kusambazwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kwa fedha za wananchi.

Nimalizie kwa neno moja juu ya makabidhiano. Mtumishi wa ghala akihamishwa, hukabidhi funguo na hesabu kwa maandishi, mbele ya shahidi. Msimamizi wa seva akihamishwa, mara nyingi huondoka na kila kitu kichwani mwake. Nawaomba wakuu wa afisi waifanye seva kuwa ghala. Akiondoka mtu, daftari lisomwe, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, funguo zibadilishwe, na anayepokea atie saini kwamba amepokea nini, katika hali gani, na nakala ya mwisho ya akiba ilijaribiwa lini. Ikiwa hakuna wa kujibu suala hilo la mwisho, basi seva haijawa tayari, hata kama ukurasa wake unafunguka na rangi zake zinapendeza.

Muuguzi wa Kimali hatauliza masuala haya, wala wa Kojani. Wao wamekwisha kutuamini. Tuulize sisi kwa niaba yao, kila mmoja katika afisi yake, tukianzia na daftari.